Jemadari Alisimama Wapi?

Mwalimu wetu wa historia hakukaa katikati ya kitu chochote. Kanisani alikuwa na nafasi yake mwisho wa benchi la nyuma, karibu na mlango, na mtu akimwahi pale, basi yeye alisimama ibada nzima. Msibani alikaa pembeni ya turubai, nusu ya kiti ikiwa juani. Hata kwenye harusi ya mwanawe walimweka meza kuu, katikati kabisa, na kabla keki haijakatwa alikuwa ameshahamia kwa wapishi, anapuliza moto. Wanafunzi tulimwita Mlangoni. Alijua. Siku moja alikuta tumeliandika ubaoni kwa herufi ndogo, akaifuta ile ya mwanzo, akaweka M kubwa, akaendelea na somo.

Alizaliwa wapi na ni wa ukoo gani, hilo nawaachia wengine. Hapa Kinyangiri kila mtu anajua, na kwa asiye wa hapa halina faida. Mimi nitasema niliyoyaona. Na niseme mapema kwamba mimi ni mwoga. Naogopa fisi, naogopa radi, naogopa simu inayolia kabla sijanawa uso. Ndiyo, ni mwenyekiti wa kitongoji, lakini walinichagua kwa sababu ya sauti. Kuhusu moyo hakuna aliyeniuliza.

Mwalimu alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye sweta la kahawia ambalo hakulivua hata jua la mwezi wa kumi likiwa utosini. Hakupiga wanafunzi. Ukikosea alikutazama tu, na alikutazama kwa muda mrefu hadi wewe mwenyewe ukaomba fimbo. Nyoka akiingia darasani, na waliingia sana wakati wa kuvuna alizeti, yeye ndiye aliyemtoa, kwa rula na kopo la rangi, akizungumza naye kwa Kinyiramba kama anamsindikiza mgeni. Kwa hiyo si kwamba alikuwa mwoga kama mimi. Lakini akiona upinde, alibadilika.

Wallahi, hilo ndilo lililotuchekesha miaka yote. Akifika nyumbani kwa mtu akakuta upinde umetundikwa ukutani, hakuingia. Salamu aliitoa nje, maziwa aliyanywa nje, na ikinyesha alinyeshewa. Watoto wakitengeneza pinde za fito za kuchezea, aliwavunjia, kisha akawanunulia mpira. Baba mmoja alimfuata shuleni kwa ukali.

"Mwalimu, mwanangu analia, umemvunjia upinde wake."

"Nimemvunjia," akasema.

"Kwa nini sasa?"

"Wewe nenda nyumbani, mzee mwenzangu. Mpira ni wa kwake."

Basi.

Jambo la pili lililotuchekesha ni sahihi yake. Mwalimu yule hakuandika jina lake popote. Daftari zetu alizisahihisha kwa wino mwekundu, vema na kosa, lakini chini, pale walimu wengine wanapopiga mkunjo wa kujidai, yeye aliacha peupe. Pale ofisi ya kijiji, akitakiwa kusaini, aliomba kidau cha wino na kuweka dole gumba. Mtu mwenye cheti cha ualimu! Karani alicheka hadi akakohoa. Mwalimu alifuta kidole kwenye sweta, akasema, "Kidole kinatosha. Kidole ni changu."

Alikuwa na misemo yake midogo midogo. Darasa likipiga kelele: "Pungueni." Mtu akijibu vizuri: "Kaa, umefika." Mtu akijibu ovyo: "Kaa, upumzike." Mimi nilipumzika sana kidato cha kwanza.

Lakini nikimkumbuka, namkumbuka zaidi kwa pigano moja.

Halikuwa kwenye muhtasari wa masomo. Sisi tulipaswa kusoma wakoloni na mkataba huu na ule. Yeye kila mwaka, kiangazi kikishika, ule upepo wetu ukianza kurusha vumbi hadi kwenye ugali, alifunga kitabu na kusema, "Leo Kane." Kane ni uwanda kule Italia. Zamani sana, kabla ya Kristo, Warumi walipigana pale na jeshi kutoka Karthago, mji uliokuwa Afrika ya kaskazini, pwani. Jemadari wa Karthago Mwalimu hakumtaja jina hata mara moja. Alimwita Yule Mtu. Mwanzoni tulidhani amesahau. Baadaye tukaona ni kama anavyomtaja mtu anayemheshimu kupita kiasi, au anayemwonea haya.

Alifika na mifuko minne ya nailoni. Meza yake ilisogezwa katikati ya darasa, sisi tukaizunguka, yeye akisimama upande wa mlango.

"Warumi ni alizeti," alisema, akamwaga mfuko mzima. Lundo jeusi. "Ni wengi. Ni wengi hadi wanajiamini. Wamejipanga kwa kina, safu nyuma ya safu, kazi yao ni kusukuma tu."

Kisha akatoa karanga. Chache. Akazipanga mbele ya lundo kwa mstari mwembamba uliopinda, tumbo likiwaelekea Warumi.

"Hawa ndio wa katikati. Wameambiwa jambo gumu kuliko yote. Wameambiwa: rudini nyuma, lakini msikimbie. Wakikimbia, wote wamekwisha. Wakikaza pale pale, wamekwisha pia. Hatua moja nyuma, pigana. Hatua moja nyuma, pigana."

Akazisogeza karanga kwa kidole, taratibu, na alizeti akazisukuma kwa kiganja zizifuate. Tumbo likanyooka, likabonyea, likawa shimo. Alizeti zikaingia shimoni kama ng'ombe wanavyoingia zizini jioni, kila mmoja akimsukuma wa mbele.

"Pembeni, kulia na kushoto, wako hawa." Punje za mahindi. "Hawajasogea muda wote. Sasa wanageuka, wanatazamana." Akayageuza. "Na hawa ni farasi." Punje za mtama zikazunguka lundo zima, zikaja nyuma ya Warumi. "Mlango umefungwa."

Tulishusha pumzi. Nakuambia, darasa zima. Wengine walishangilia.

"Msishangilie," alisema. "Wale wa ndani sasa ni wengi kuliko nafasi. Mtu yuko hai na hawezi kuinua mkono. Upepo unawapiga usoni, vumbi machoni. Wamesimama wanasubiri zamu. Jua lilizama wakiwa wanasubiri zamu."

Kisha akauliza swali ambalo aliuliza kila mwaka, kaka zangu waliomaliza mbele yangu walinihadithia: "Nani kati yenu angesimama katikati?"

Mimi nikanyoosha mkono. Sijui kwa nini. Labda nilitaka kuambiwa "umefika" angalau mara moja. Alinitazama. Ile tazama yake.

"Shusha mkono," akasema. "Usinyooshe tena mkono kwa swali kama hilo. Mahali popote. Mbele ya mtu yeyote."

Nilishusha, mashavu yanawaka. Nilijua ni kwa sababu mimi msichana. Nilimchukia wiki nzima kwa hilo.

Somo likiisha alituachia tule. Tulikula Warumi, tukala farasi, mahindi tukayapeleka jikoni yakakaangwe. Karanga hakutuachia. Alizikusanya moja moja, akazitia mfuko wa shati chini ya sweta. Hakuzitafuna. Nilimwona akienda nazo nyumbani.

Siku iliyofuata alitupeleka uwanjani, tukalipigane. Kidato cha pili wote wakawa Warumi, tumebanwa kati ya mistari miwili ya vigingi, tukiuelekea upepo. Kidato cha tatu wakatuzunguka, wameshikana mikono. "Songeni," akasema, wakasonga. Mwanzo kicheko. Kisha viwiko vikaniingia mbavuni, mgongo wa mtu usoni mwangu, vumbi kinywani, nikataka kuinua mkono nijifute, mkono haukuinuka. Jamani. Mpaka leo nikibanwa gulioni, huwa nausikia mkono ule. Nikapiga kelele. Nilijua ni mchezo, niliwajua wote walionizunguka kwa majina, na bado nilipiga kelele ya mtu anayekufa.

Filimbi ikalia. Walipoachia, nilimwona Mwalimu. Alikuwa amesimama nje ya duara, filimbi mdomoni, bado anaipuliza ingawa tulikuwa tumeshaachiwa.

Ndipo nikauliza. Nilikuwa na hasira, vumbi na machozi vimenichafua, nikasema kwa sauti hii hii waliyonichagulia: "Mwalimu, yeye mwenyewe alisimama wapi? Yule Mtu. Wenzake amewaweka katikati. Yeye alisimama wapi?"

Alikunja kamba ya filimbi kwenye vidole, akaikunjua, akageuka, akaenda zake. Somo lilikuwa na nusu saa imebaki. Hakurudi. Kesho yake tulisoma mkataba, na hakuna aliyemkumbusha.

Niliolewa, nikazaa, nikalima vitunguu na alizeti kama kila mtu. Mwalimu alistaafu, akabaki palepale jirani na shule, mkewe akatangulia mbele za haki. Tulikutana njiani, shikamoo Mwalimu, marahaba mwanangu, hujambo, watoto, mvua. Yeye alikuwa pembeni ya maisha yetu kama alivyopenda. Na ningesema picha yake imeishia hapo, kama si fisi wa mwaka huu.

Fisi tumewazoea. Wanachukua mbuzi, tunapiga yowe, wanakimbia. Huyu hakukimbia. Alichukua mbuzi wa watu wawili, akachukua ndama, kisha siku moja jua likiwa bado juu alimkuta mama Zuhura, mke wa Shabani, ameinama anapalilia, akamshika mguu akaanza kumburuta. Waliomwokoa walikuwa watu wa shamba la pili, kwa majembe. Mguu aliubakiza, lakini ule mguu nimeuona, na sitaki kuueleza. Fisi akaingia kichaka cha miiba juu ya korongo, na hapo akakaa. Tulimsikia. Watoto hawakwenda shule. Mimi nilikuwa naenda chooni na panga.

Huku kwetu yowe likipigwa, kila mwanamume anatoka na silaha yake, na asiyetoka ana neno la kujibu. Wakaja kwangu mwenyekiti. Shabani alikuwa anatazama chini tu, podo limejaa mishale begani.

"Mama Neema," mzee mmoja akaniambia, "tupange. Tukiingia ovyo atatupita miguuni kama juzi tulipomkimbiza na yowe."

Basi mimi, kwa ujinga wangu, nikafurahi. Nilikuwa na jibu! Niliagiza alizeti, nikaagiza karanga, nikawapangia Kane juu ya meza ya kitongoji. Watu sita watangulie mbele ya kichaka na mbuzi, wapige kelele, fisi akitoka wao warudi nyuma polepole bila kukimbia, wamvute. Mabawa mawili ya wapiga upinde yamejificha kulia na kushoto. Akishaingia shimoni, mabawa yanafunga, wengine wanatoka nyuma, mlango umefungwa. Wanaume watu wazima waliitazama meza ile vinywa wazi. "Huyu mama ni jemadari," mmoja akasema. Nikacheka. Ndiyo, nilicheka.

"Nani atasimama katikati?" nikauliza.

Mkono wa kwanza kunyooshwa ulikuwa wa baba Neema. Mume wangu. Alikuwa anatabasamu, anajivunia mkewe. Na mimi nikamwandika.

Msako ulikuwa kesho asubuhi. Mchana ule nikasema nipite kwa Mwalimu nimweleze, afurahi kwamba somo lake halikupotea. Nilimkuta kwenye kizingiti cha mlango wake, wapi pengine, anakata majani ya vitunguu kwa kisu kidogo. Nikamwamkia, nikachuchumaa, nikampangia zile mbegu kwenye ungo. Alianza kwa kutabasamu. Akasogeza karanga moja iliyokuwa imekaa vibaya.

"Na hawa wa mabawa," akauliza, "wana nini mikononi?"

"Pinde, Mwalimu. Na mishale ya sumu."

Kisu kikamdondoka. Akaanza kusema, na maneno ya mwanzo yalitoka kwa Kinyiramba, haraka haraka, hata mimi niliyezaliwa nacho sikuyashika. Nikamshika mkono. Ulikuwa baridi.

"Nani yuko katikati?" akauliza kwa Kiswahili sasa.

"Baba Neema. Na wenzake watano."

"Na wewe umesimama wapi?"

Mimi nilikuwa nimejipangia kusimama juu ya jiwe kubwa, mbali, nipungie kanga ya kuashiria.

"Nilikuwa na kaka," alisema Mwalimu. "Kaka yangu wa kunizidi. Nilikuwa ndiyo kwanza nimetoka chuo, nimesoma Kane, nimelewa nayo. Fisi wakatusumbua kule chini kwetu. Nikawapangia wazee kama ulivyowapangia wewe. Waliniita profesa. Kaka akasema, mimi nitasimama katikati, mdogo wangu amesoma, hawezi kukosea."

Aliziokota karanga kwenye ungo, zote, akazifumbata.

"Watu wa Yule Mtu walikuwa na mapanga, mwanangu. Panga linaishia mkononi mwako. Mshale je? Ukifunga duara na watu wana pinde, fisi akiwa katikati, anayekutazama upande wa pili ni nani? Nilisoma kitabu kizima na sikuona hilo. Mwanafunzi wa darasa la nne angeliona. Tulifunga. Fisi akaruka. Mishale ikatoka pande zote, kwa hofu, hakuna aliyengoja. Kaka alikaa chini kama mtu aliyechoka."

Nilitaka kumwambia anyamaze.

"Unajua mishale yetu ina chapa," akaendelea. "Kila mtu anachonga yake kwenye kijiti, ili mnyama akianguka watu wasigombane. Wengine wanachonga mkato mmoja, wengine miwili. Mimi msomi. Mimi niliandika herufi ya kwanza ya jina langu, kubwa, yenye mkia. Nilipouchomoa ule mshale niliisoma."

Kwa hiyo kidole gumba. Kwa hiyo daftari zetu peupe chini. Nilikaa pale na ungo wa alizeti tupu, nikamwona upya mtu niliyemwamkia miaka yote.

"Uliniuliza alisimama wapi," akasema. "Wewe peke yako, katika miaka yangu yote ya kufundisha, na kila mwaka nilingoja mtu aulize. Alisimama katikati. Yule Mtu. Katikati kabisa, pale pembamba, yeye na mdogo wake. Kitabu kimesema wazi. Mimi nilikisoma na nikasimama bawani, maana ndiko unakoona vizuri."

Nilirudi nyumbani mbio. Nilimkuta baba Neema ananoa mkuki, anaimba. Nikamwambia huendi. Akacheka. Nikalia, akaacha kucheka, lakini akasema, "Mama Neema, mkono nimenyoosha mbele ya watu." Nikamfuata Shabani, nikawafuata wengine nyumba kwa nyumba. Nikasema tupange upya: tusifunge duara. Upande wa korongo tuuache wazi, mikuki ikae ukingoni kule, upande mmoja tu, wote wakielekea bondeni. Na pinde zibaki nyumbani. Walinisikiliza kwa heshima. Korongo wakakubali, baba Neema akiwa kule na mikuki. Pinde wakakataa.

"Mwenyekiti, ule mguu umeuona," Shabani akaniambia. "Nimwendee na nini? Na kijiko?"

Asubuhi upepo ulikuwa umeshaanza. Watu walikuja kama arobaini. Wengine walinidanganya kwamba wameacha pinde, nikaziona zimelazwa nyasini nyuma yao. Wamejipanga pande mbili, wanatazamana, kichaka kati. Hata bila kutaka walikuwa wamefanya Kane. Mbuzi amefungwa kwenye kigingi pale katikati, analia. Ikabaki kupata mtu wa kusimama pale, ampigie fisi kelele atoke. Nikauliza kwa sauti, na sauti ikatoka nyembamba: "Nani atasimama katikati?"

Nyuma yao, pembeni kabisa, mkono ukanyooka. Sweta la kahawia.

"Shusha mkono, Mwalimu," nikasema.

Hakushusha. Alipita kati ya watu, na watu wakampisha bila kuambiwa, maana hakuna hata mmoja pale ambaye hakumfundisha, yeye au baba yake. Alitembea hadi kwenye kigingi. Kichaka kikatikisika, na pinde zikanyanyuliwa kutoka nyasini. Yeye akakipa mgongo. Akasimama anatutazama sisi, bawa la kulia, kisha la kushoto, mtu mmoja mmoja, ile tazama yake. Hakuwa anamngojea fisi. Alikuwa anatazama mikono yetu.

Nilijua ninachopaswa kufanya na miguu ilikataa. Nasema ukweli. Nilimwomba Mungu mtu mwingine aende. Mpango ulikuwa wangu tangu jana, na jiwe lile kubwa lilikuwa pale pale, zuri, mbali. Kisha nikajikuta natembea. Nikafika, nikasimama kando yake, bega kwa bega. Mbuzi miguuni petu alikuwa anatetemeka.

"Pungueni," Mwalimu akasema, hakupaza sauti.

Upinde wa kwanza kuwekwa chini, mbele, peupe, ulikuwa wa yule mzee aliyeniambia tupange. Kisha mwingine. Kisha wakawa wanainama wengi kwa pamoja. Shabani alibaki peke yake, kamba imevutwa nusu, machozi yanamshuka, na mshale unatutazama.

"Kaa, Shabani," akasema Mwalimu. "Upumzike."

Shabani akalegeza kamba. Akaketi palepale vumbini. Watu wakaanza kupiga kelele na madebe, na fisi akatoka. Nilimsikia kabla ya kumwona, ile harufu. Alipita hatua tano kutoka kwetu, mkubwa, kichwa chini, akatafuta njia, akaiona ile ya korongo iliyoachwa wazi, akaishika. Kule ukingoni nikasikia baba Neema na wenzake wakipaza sauti, mara moja, mara mbili, kisha wakimwita Shabani aje aone.

Watu wote wakakimbilia kule. Sisi tukabaki, wawili na mbuzi. Mimi nikakaa chini. Mwalimu akaangalia kulia, akaangalia kushoto, uwanja mtupu pande zote na mlango hakuna, kisha akakunja magoti taratibu, akakaa naye, pale katikati.

"Lile swali lako," akasema. "Nimelijibu?"

"Umelijibu, Mwalimu."

Akaitikia kwa kichwa. Akatia mkono mfukoni chini ya sweta, akatoa karanga za jana, akanigawia nusu, na nusu akaanza kuzitafuna.